Nilivyomfuata Mwenye Wimbo Hadi Kilolo

Tangu nirudi nimeulizwa kanisani, sokoni, hata kwenye misiba ya watu: "Mama Lusajo, ulifuata nini Iringa na mvua hizi?" Kila mtu nimemjibu kipande. Sasa naandika yote mara moja, hasa kwa ajili yenu wenzangu wa sauti ya pili, maana nimechoka kusimuliwa safari yangu na watu ambao hawakuwepo.

Mbalizi

Kwa asiyemjua, Mwalimu Gwakisa alikuwa kaka yangu wa tumbo moja. Aliongoza kwaya yetu hapa Mbalizi tangu mimi ni msichana hadi mwaka jana tulipomzika. Katika nyimbo alizotufundisha upo ule wa mto. Sijui msiba uliopita hapa bila wimbo huo kuimbwa. Tulimzika mama yangu kwa wimbo huo, na miaka kumi baadaye tukamzika mume wangu. Mimi si mtu wa kulia ovyo, mnanijua, lakini ukifika mstari wa pili sauti yangu hukatika, na anayesimama kulia kwangu hunibebea hadi nirudi.

Mliamua wenyewe kwamba turekodi nyimbo za marehemu, picha yake iwekwe mwanzoni, na chini yake iandikwe "Mtunzi". Wifi yangu Tusajigwe, mjane wake, akanikabidhi sanduku la bati lenye madaftari yake ili ninakili nota. Katika daftari kuukuu kuliko yote nikaukuta wimbo wa mto. Nota zilikuwa za kaka, lakini maneno yaliandikwa kwa penseli, kwa mwandiko wa mtu aliyekuwa akibonyeza kwa nguvu. Chini yake: "Mimi Yustina, sauti ya kwanza." Na jina la kijiji kimoja cha Kilolo, ambako kaka alifundisha shule ya msingi katika ujana wake kabla ya kuhamishiwa kwetu.

Nilimwonyesha mwenyekiti wa kwaya. Alilitazama daftari akalifunga.

"Mama Lusajo, marehemu hajibu maswali. Liache."

"Na huyu Yustina? Naye ni marehemu?"

"Hilo sijui."

"Basi nami sijui," nikamwambia. "Ngoja nikajue."

Mwanafunzi mmoja wa zamani wa kaka, ambaye bado ana ndugu kule, alipiga simu mbili tatu akanijibu kwamba Yustina yupo, mzima. Tusajigwe nilimwambia naenda kumsalimia mtu aliyewahi kuimba na kaka. Huo haukuwa uongo, lakini ukweli nao haukuwa umekamilika.

Uyole hadi Chimala

Basi nililipandia Uyole saa mbili asubuhi, baada ya kulisubiri tangu saa kumi na mbili na nusu. Mvua ilinyesha tangu Igurusi. Tulipofika Chimala mkanda wa injini ukakatika. Kondakta akasema ni nusu saa. Akina mama wenye mabanda pale kando ya barabara, waliokwisha kuyaona mengi, waliposikia "nusu saa" wakaongeza mchele kwenye masufuria.

Tulikaa saa tano.

Nilikula wali wa pale na kambale wa mchuzi, na siwezi kuwaeleza harufu ya mchele ule ukiwa ndio kwanza umetoka jikoni. Nikanunua kilo tano za kumpelekea mwenyeji wangu, maana mikono mitupu haibishi hodi. Kwenye benchi nilikaa na mama mmoja aliyejitaja kuwa Mama Kulwa. Wazazi wake walihamia Usangu na ng'ombe kutoka Usukumani yeye akiwa mgongoni. Alikuwa na dumu la maziwa ya mgando, anampelekea binti yake aliyejifungua Iringa. Akanimiminia kikombe kilichojaa. Nikafungua pochi.

"Unatafuta nini humo?" akaniuliza.

"Si nikulipe, mama?"

Uso wake ukabadilika. "Nimekuona umekaa peke yako, nimekupa maziwa. Wewe unanifanya duka."

Nikamwomba radhi. Nikayanywa yote, naye akaangalia hadi tone la mwisho ndipo akacheka. Tukazoeana. Akaniuliza naenda wapi, nikasema ni habari ya wimbo. Akataka kuusikia. Nikamwimbia taratibu, mvua ikigonga mabati juu yetu:

Tumaini langu limevuka mto,
maji yalijaa, sikulipungia.

Hakuniacha niendelee. Akanishika mkono. "Huo! Huo tulimwimbia mume wangu tulipomzika. Walikuja watu wa kanisa wakauimba, mimi sikuwa hata mtu wa kanisa. Nililia mpaka nikalala chini. Nani aliutunga?"

"Marehemu kaka yangu," nikasema.

Lilitoka lenyewe, kama pumzi. Miaka yote hiyo ndivyo nilivyojibu kila aliyeuliza. Mama Kulwa akanibana mkono kwa nguvu zaidi, akasema Mungu amweke kaka yangu mahali pema, alimsaidia siku ambayo hakuna mtu mwingine angeweza. Nami nikasema amina, nina daftari la Yustina kwenye mkoba mapajani. Kati ya yote yaliyonipata njiani, hili ndilo linalonisuta. Hata tulipopanda basi nilikaa mbali naye.

Makambako, Mafinga, Iringa

Makambako ilitupokea na ukungu, Mafinga na giza la jioni kabla ya wakati wake. Kwenye misitu ya misonobari abiria walisinzia. Nilijaribu kupanga maneno nitakayomwambia huyo Yustina. "Nimekuja kuomba radhi kwa niaba ya ndugu yangu." Kisha nikawaza: kama alimpa wimbo kwa hiari yake? Na kama alimwibia? Nilimpenda kaka yangu. Ndiye aliyenisomesha, ndiye aliyesimama nami nilipofiwa. Nilikuwa nikisafiri kwenda kumtafutia kosa, naye yuko kaburini, hawezi kujitetea.

Iringa tulifika nimechoka kiasi cha kutotaka chakula. Stendi, Mama Kulwa alinitafuta kwenye umati ili tuagane. Hapo ndipo ningeweza kumwambia. Sikumwambia.

Kwa Yustina mwingine

Kesho yake gari la Kilolo liliniacha mahali barabara ya lami inapoishia, nikatembea na bodaboda mmoja aliyekataa kunipakia kwa sababu ya utelezi lakini akakubali kunibebea mchele. Kwetu Mbeya tunajidai tunaijua baridi. Kule juu, baridi ilikuwa inatoka ardhini na kupanda miguuni kama maji.

Nilimwuliza kijana huyo kwa Yustina, akanipeleka moja kwa moja kwenye nyumba yenye mianzi mingi nyuma.

"Kamwene!" nikasema, neno pekee la Kihehe ninalolijua.

"Kamwene, karibu mgeni!" Mama mmoja wa makamo yangu akatoka akiwa na kata mkononi. Alipoona kitenge changu kipya na mfuko wa mchele, na kusikia natoka Mbeya, akaiweka kata chini akamwita mumewe. Nikaletewa kiti cha mgongo. Jirani wawili wakaja wakakaa. Nikaletewa ulanzi, ile pombe tamu ya mianzi. Nikasema situmii, wakatikisa vichwa kwa heshima. Uani nikasikia kuku anakimbizwa.

Nilishangaa wimbo wa kaka yangu unavyopokelewa kwa taadhima.

Chakula kikaja: ugali wa moto, yule kuku, na majani ya maboga yaliyoungwa karanga. Tulipokwisha kunawa, mume akakohoa.

"Mgeni, umetoka mbali, na sisi tumefurahi. Sasa tuambie. Kijana mwenyewe anafanya kazi gani?"

"Kijana gani, baba?"

"Aliyekutuma."

"Sikutumwa na kijana. Nimekuja kwa Mama Yustina, kwa habari ya wimbo."

Mume akamtazama mkewe. Nyuma ya pazia la mlango msichana akaangua kicheko cha mtu aliyeokoka. Kumbe kulikuwa na uvumi kwamba kuna familia ya Mbeya itakuja kumposa, na yeye hakutaka. Mama yake alifunika uso kwa khanga akacheka hadi machozi.

"Mimi ni Yustina wa ulanzi," akasema. "Wewe unamtaka Yustina wa darajani. Yule aliyekuwa na sauti."

"Aliyekuwa?"

"Haimbi," mumewe akasema. "Tangu sisi watoto haimbi."

Darajani

Msichana yule ndiye aliyenisindikiza, mchele wangu kichwani, kwa furaha kubwa. Yustina wa darajani alikuwa amekaa jikoni kwake, mlango wazi, anachambua njegere kwenye ungo. Ni mama wa miaka sabini na kitu, mwembamba, mgongo umenyooka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akanitazama kwa muda. "Wewe ni dada wa Mwalimu. Una paji lake la uso. Yeye yuko wapi?"

"Alifariki mwaka jana, mama."

Akauweka ungo chini. "Pole, mwanangu. Alikuwa mpole. Hakumpiga mtoto wa mtu."

Maneno niliyoyapanga tangu Mafinga yakanikimbia. Nikasema tu kwamba wimbo wa mto tumeuimba miaka yote kama wa kaka, na nimeona jina lake kwenye daftari, na nimekuja kuuliza.

"Najua mnauimba. Niliusikia redioni."

"Ukafanyaje?"

"Nilizima."

Nikamkabidhi daftari. Akasogea mlangoni penye mwanga, akapitisha kidole juu ya mwandiko wake mwenyewe, polepole. Kisha kidole kikasimama. Juu ya ile penseli kulikuwa na wino mwekundu wa kaka. Nilikuwa nimeuona tangu siku ya kwanza wala sikuujali, kwa kuwa yalikuwa masahihisho ya kawaida ya mwalimu. Yeye aliandika "Tumaini wangu amevuka", kaka akakata akaandika juu yake "langu limevuka". Kwenye "sikumpungia" akaandika "sikulipungia". Niliposoma nilitabasamu hata, nikasema hawa ndugu zetu wa kule, Kiswahili chao.

"Hapa aliniambia nimekosea," akasema. "Alinieleza vizuri kabisa. Yustina, tumaini ni langu, si wangu. Tumaini limevuka. Kama unavyomweleza mtoto wa darasa la tatu."

"Ukamjibu nini?"

"Mwalimu akishika kalamu nyekundu utamjibu nini? Mimi niliishia darasa la nne." Akalifunga daftari. "Lakini sikukosea. Tumaini ni mwanangu."

Wenzangu, sijui niwaelezeje. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda, na nilishika kigoda kwa mikono miwili.

Alinisimulia bila kulia. Tumaini alikuwa wa miaka mitatu aliposhikwa na surua. Zahanati ilikuwa ng'ambo ya mto, na enzi hizo daraja lilikuwa magogo mawili. Alfajiri baba yake akambeba mtoto akavuka naye. Yustina alikuwa anawasha moto wa uji, akasema nitawafuata jua likitoka. Jua halikutoka. Mvua ilinyesha juu milimani, maji yakashuka, yakachukua magogo. Siku ya tatu mtu mmoja akasimama ng'ambo akapiga kelele kwamba mtoto hayupo tena. Wakamzika kulekule, mama yake akiwa amesimama upande huu, anawaona watu wadogo wadogo wakiinama na kuinuka. Siku kumi na moja zilipita kabla maji hayajapungua akavuka.

"Kaka yangu alijua?"

"Alikuja miaka miwili baadaye. Nilidhani amekwisha ambiwa, kijiji kizima kilijua. Nilimwimbia, akaandika nota, akafurahi mno. Halafu akasahihisha. Kwaya walipoanza kuimba 'langu', wenzangu wakatazama chini. Walidhani mimi ndiye niliyetaka jina lifichwe. Nami nikaona, basi, hata humu wamemzika. Nikaacha kwaya. Aliponiuliza kwa nini, nikasema ni kilimo."

Nilihesabu mara ngapi nimeimba "nani atalifunika", mstari wa mwisho, nikiamini ninaimba habari ya imani. Mchungaji wetu mmoja aliwahi kuuhubiri kabisa, kwamba tumaini hufunikwa kwa maombi. Hakuna aliyewahi kujiuliza nani hupungia tumaini mkono.

Alisimama akajitanda khanga. "Twende."

Siku hizi kuna daraja la zege. Tulilivuka kwa hatua chache tu, maji yakivuma chini yetu, ya rangi ya chai. Upande wa pili tulipanda kidogo hadi kwenye miti ya mikaratusi. Kaburi lilikuwa dogo, limezungushiwa mawe ya mtoni, na nyasi zake zimekatwa karibuni. Akasimama upande wa miguu. Sikumwomba. Aliimba mwenyewe:

Tumaini wangu amevuka mto,
maji yalijaa, sikumpungia.
Tumaini wangu, ng'ambo kuna baridi,
nani atamfunika?

Sauti ilikuwa imekwaruza kama mlango usiofunguliwa siku nyingi. Sisi mstari wa mwisho tunaupandisha juu, mnajua, hadi soprano wanasimama kwa vidole. Yeye aliushusha. Aliuliza tu, kama mtu anayeuliza kweli na kungoja kujibiwa. Na mimi ambaye kwa wimbo ule nimelia nusu ya maisha yangu, siku hiyo machozi hayakuja. Niliona haya. Miaka yote niliutumia msiba wa mtu kulilia wa kwangu, wala sikuwahi kubisha hodi kwake.

Tulipokuwa tunarudi nikamwuliza kama amemsamehe kaka yangu. Alivuka daraja kwanza, ndipo akajibu.

"Kwa ile kalamu, ndiyo. Hakujua. Kwa kunyamaza miaka yote na jina langu analo kwenye daftari, hilo bado. Nikiweza nitakwambia." Kisha akasema, "Jina langu fanyeni mnavyoona. Lakini mtoto mrudisheni kwenye wimbo wake."

Nilibaki kwake siku mbili kwa sababu ya mvua. Tulichambua njegere, tukala wali wa Chimala. Hakuimba tena na wala sikumwambia aimbe.

Kurudi

Safari ya kurudi haikuwa na tatizo lolote, na labda ndiyo sababu siikumbuki. Nilifikia kwa Tusajigwe kabla ya kwangu, na mizigo yangu mkononi. Nilimwambia yote. Alisikiliza amesimama, anakunja nguo za kaka ambazo bado hajazigawa.

"Kwa hiyo umemsafiria mume wangu umbali wote huo ili umwite mwizi."

"Sijamwita mwizi, wifi."

"Hukumwita wewe. Umetafuta wa kumwita."

Yaliyotokea kwenye mazoezi mliyaona wenyewe, nayaandika kwa ajili ya wasiokuwepo. Mwenyekiti alisema watu wamezoea wimbo ulivyo na hatuwezi kubadilisha sala ya watu. Nikasimama, nikawasimulia kama nilivyosimulia hapa, bila kumficha kaka wala kumwongezea.  Halafu bibi mmoja wa soprano, ambaye naye alizika mtoto, akaanzisha peke yake: "Tumaini wangu…" Tukaingia mmoja mmoja. Wengine ulimi uliwapeleka kwenye "langu" kwa mazoea, wakasita, wakarudi. Mwenyekiti hakuimba, lakini hakutuzuia. Kwenye rekodi imeandikwa kwamba wimbo ni wa Yustina, na nota ziliandikwa na Mwalimu Gwakisa. Tusajigwe hajaja mazoezini tangu siku hiyo. Nikimsalimia ananiitikia, basi. Namwelewa. Nitaendelea kumsalimia.

Jumapili tuliyomaliza kuurekodi nilimpigia Yustina, nikaweka simu juu ya kinanda tukamwimbia wote. Tulipokwisha nikaiweka sikioni. Nilisikia pumzi yake, na mbali nyuma yake jogoo.

"Mama, upo?"

"Nipo. Mko wangapi humo?"

"Arobaini na mbili."

"Arobaini na mbili wamemwita," akasema. Alirudia hivyo mara mbili, kama anayehakikisha idadi. "Haya, mwanangu. Ngoja niende, maharage yangu yanaungua."